Nani Anamsemea Anayetembea?

Wamiliki wa mabasi wana chama chao. Bodaboda wana vijiwe, viongozi na daftari la wanachama. Wenye malori tozo ikipanda leo, kesho wako mlangoni kwa waziri. Mtembea kwa miguu hana chama. Hana leseni, hajaandikishwa popote, na akishafika anakokwenda anasahau kabisa kwamba dakika kumi zilizopita alikuwa anaruka mtaro. Ndiyo maana barabara ikichorwa yeye hukumbukwa mwisho, akapewa kile kipande kinachobaki kati ya lami na mtaro.

Kuna miji iliyojaribu kuziba pengo hili kwa njia rahisi sana. Imeunda kamati ya wananchi wa kawaida, wasiolipwa, ambao kazi yao ni kuishauri serikali ya mji kuhusu jambo moja tu: kutembea. Hapa nitaeleza mfumo huo unavyofanya kazi, unakwama wapi, na sisi wanafunzi tunaweza kuchukua nini kwake. Mfano wangu ni Seattle, Marekani, halafu nitarudi nyumbani.

Bodi ya ushauri ya watembea kwa miguu ya Seattle iliundwa na baraza la jiji mwaka 1993. Wajumbe wake ni kama dazeni moja. Wanajitolea, wanahudumu kwa vipindi vya miaka miwili, na wanakutana jioni mara moja kwa mwezi, watu wakishatoka kazini. Wanamshauri meya, baraza la jiji na idara ya usafirishaji. Vikao viko wazi, kwa sababu sheria ya jimbo la Washington ya mwaka 1971 inataka vyombo vya umma vifanye vikao vyake mbele ya wananchi. Yeyote anaweza kuingia, akakaa, akapewa dakika zake za kusema. Na kuna kitu kitakachokupendeza wewe unayesoma: jiji hilo lina mpango wa kuingiza vijana wa miaka 18 hadi 29 kwenye bodi zake, na bodi hii ni mojawapo. Kijana anapewa kiti kamili kama mjumbe mwingine yeyote. Hajaitwa kuja kugawa maji.

Sasa tuambizane ukweli. Bodi hii haina fungu la kujenga hata mita moja ya njia, wala haiwezi kumzuia mhandisi. Inashauri tu. Mtu ana haki ya kuuliza: ushauri usio na hela wala sheria nyuma yake una faida gani? Mimi naona nguvu yake iko kwenye mambo matatu.

La kwanza ni kuwahi. Barabara haianzi na greda. Inaanza na mchoro wa awali, mchoro unapitiwa, unarekebishwa, ndipo unakamilika na kutafutiwa mkandarasi. Kwenye mchoro wa awali, kusogeza kivuko mita 30 ili kiwe mbele ya kituo cha basi ni kufuta mstari na kuchora mwingine. Lami ikishamwagwa, kusogeza kivuko hichohicho ni mradi mpya wenye bajeti mpya, yaani sahau. Kamati inayokutana kila mwezi inaonyeshwa mchoro ungali mchoro. Wananchi wengi tunalalamika wakati wa uzinduzi, utepe umeshakatwa.

La pili ni kujua kwa mwili. Chukua mfano wa taa za kuvukia. Mhandisi anapopanga sekunde za mtu kuvuka, anagawa upana wa barabara kwa mwendo wa mtu. Zamani mwongozo wa taifa wa Marekani ulitumia mwendo wa futi 4 kwa sekunde, kama mita 1.2. Toleo la mwaka 2009 liliushusha hadi futi 3.5, kama mita 1.07. Inaonekana tofauti ndogo, si ndiyo? Piga hesabu. Barabara yenye upana wa mita 21 ilihitaji sekunde 17 na nusu kwa kipimo cha zamani. Kwa kipimo kipya ni karibu 20. Sasa mlete bibi mwenye mkongojo anayekwenda mita 0.8 kwa sekunde. Yeye anahitaji sekunde 26. Kwa vipimo vyote viwili, magari yanaruhusiwa yeye akiwa bado katikati. Mhandisi ana kipimo, lakini mjumbe anayetembelea mkongojo ndiye anayejua ni taa ipi, kwenye makutano yapi, inayomwacha njiani. Kamati nzuri ina watu wa namna hiyo: mzee, asiyeona, mama wa mapacha, mfanyakazi wa zamu ya usiku.

La tatu ni kutokusahau. Ofisa aliyesema mwezi Machi kwamba "tutaliangalia" anajua mwezi Juni atakaa tena mbele ya watu walewale, na maneno yake yako kwenye muhtasari. Ofisa anahamishwa, meya anabadilika, lakini muhtasari unabaki. Kwa mji, hiyo ni shinikizo la polepole kama maji kwenye jiwe.

Je, mambo yamebadilika? Mwaka 2016 Seattle ilishusha mwendo wa magari kwenye mitaa ya makazi kutoka maili 25 hadi 20 kwa saa, yaani kutoka kilomita 40 hivi hadi 32. Huo ulikuwa uamuzi wa baraza la jiji, na sauti zilizochangia zilikuwa nyingi. Tusidanganyane pia: karibu robo ya vipande vya barabara za mji huo havina njia ya waenda kwa miguu. Sehemu kubwa ya upungufu iko kaskazini, maeneo ambayo mengi yake yaliunganishwa na jiji mwaka 1954 yakiwa yamejengwa bila njia hizo. Bodi imeshauri tangu 1993 na pengo bado lipo, kwa sababu kujenga kunadai pesa nyingi na ushauri hauchapishi noti. Mwenye kuunda kamati akitegemea miujiza atachoka mapema.

Mfumo huu una ugonjwa mwingine, na huu unatuhusu zaidi. Nani ana muda wa kukaa kikao cha bure saa moja jioni? Mara nyingi ni mwenye kazi ya kueleweka, nyumba karibu na mtu wa kumwachia watoto. Anayetembea kwa sababu hana nauli hayupo kikaoni. Tafsiri ya hilo kwa mazingira ya Dar es Salaam ni nzito. Njia ya miguu yetu ina machinga, mama lishe na fundi viatu. Mwaka 2021 tuliona wafanyabiashara hao wakiondolewa pembezoni mwa barabara. Kamati ya watembea kwa miguu isiyo na hata mama lishe mmoja itafikia jibu moja tu kila kikao: waondolewe. Wakati mama lishe mwenyewe ndiye anayetembea kuliko wote, alfajiri, na sufuria kichwani. Anajua taa gani haziwaki na kona gani watu wanakabwa. Ukimkosa huyo, umeunda kamati ya wenye magari wanaopenda mazoezi.

Nyumbani je? Hatuanzi sifuri. Tuna serikali za mitaa zenye mikutano ambayo mkazi ana haki ya kuhudhuria na kusema. Tuna utaratibu wa kupanga maendeleo unaoitwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao msingi wake ni wananchi kutaja vipaumbele vyao wenyewe. Dar es Salaam pia ndiko ulikoanzia mpango wa shirika la Amend unaojulikana kwa kifupi kama SARSAI, unaokagua barabara zinazozunguka shule na kuweka vitu vya kawaida: matuta, alama za kivuko, vizuizi, kipande cha njia ya miguu. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI. Ule ni mradi wa shirika, hauwezi kuitwa kamati ya wananchi, ila unathibitisha kwamba vitu vidogo vilivyowekwa mahali sahihi vinapunguza watoto kugongwa.

Hapo ndipo mimi kama mwalimu mtarajiwa naguswa. Tunafundishwa kumfundisha mtoto: angalia kulia, angalia kushoto, angalia tena kulia, ndipo uvuke. Ni somo zuri. Lakini mtoto mdogo bado hajawa na uwezo wa kukadiria vizuri kasi ya gari linalokuja, na hilo halitatuliwi kwa kumchapa wala kumwimbisha. Sheria yetu inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza 30 pale watu na magari wanapochanganyika. Shule nyingi ziko kando ya barabara ambako hata hiyo 50 ni ndoto. Kule nilikofanyia mafunzo ya ualimu kwa vitendo, mwalimu wa zamu anaanza kazi barabarani, mkono juu, kabla ya kengele. Mwalimu amegeuzwa tuta. Kulisemea hilo mahali panapostahili ni sehemu ya ualimu kama ilivyo kuandaa azimio la kazi.

Basi tufanye nini, kwa vitendo? Serikali yetu ya wanafunzi inaweza kuunda kikundi cha watu wanane au kumi cha kukagua njia za kutoka hosteli hadi madarasani, na za kutoka getini hadi kituo cha daladala. Awemo mwenzetu anayetumia kiti cha magurudumu na mwenzetu asiyeona. Awemo pia mama anayetuuzia chapati pale getini. Mtembee pamoja, mchana na usiku. Mpime kwa futi kamba upana wa njia, mhesabu kwa simu sekunde za kuvuka, mhesabu watu wanaopita kwa saa moja. Namba ndiyo lugha ambayo mhandisi hawezi kuikwepa.

Kisha mjue barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Barabara za mitaa na vijijini ziko chini ya TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017. Za ndani ya kampasi ni za chuo chenyewe. Malalamiko mengi hufa kwa sababu yamepelekwa mlango usio wake. Andikeni ukurasa mmoja: tatizo, namba, picha, pendekezo moja. Mpeleke na nakala kwa mwenyekiti wa mtaa, na mgongewe muhuri wa kupokelewa.

Jambo la mwisho ni kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na Bunge la bajeti linakaa kuanzia Aprili. Barua ya mwezi Mei imekuta chungu kimeshaepuliwa. Ukaguzi ufanyike Oktoba, barua iende Novemba, ufuatiliaji uwe kila mwezi, hata kama jibu ni lilelile. Na kwa kuwa sisi tunahitimu na kuondoka, kikundi kiwe na daftari, na mwaka wa tatu wasitoke bila kulikabidhi kwa mwaka wa kwanza.