Damu kwenye ufizi: Funzo la mabaharia wa kale

"Daktari, hata nikila mkate naona damu," aliniambia kijana mmoja, mlinzi wa usiku anayeishi peke yake katika chumba cha kukodi huko Kayole. Kwa miezi kadhaa chakula chake kilikuwa chai na mandazi asubuhi, ugali na maharagwe jioni. Matunda je? "Hayo ni ya watoto," akajibu.

Mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea vitamini C. Ukiikosa kwa mwezi mmoja hadi mitatu, huja uchovu, maumivu ya viungo, ufizi kuvimba na kuvuja damu, na vidonda kukataa kupona. Huo ndio ugonjwa wa kiseyeye.

Enzi za merikebu za tanga, kiseyeye kilikuwa adui mkubwa wa mabaharia, waliokula biskuti ngumu na nyama ya chumvi kwa miezi mingi. Vasco da Gama alipofika Mombasa mwezi wa Aprili 1498, mfalme alimpelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Wagonjwa wake wakapata nafuu. Lakini waliporudi kutoka India walikaa baharini karibu miezi mitatu, na watu 30 wakafa. Walipotia nanga Malindi, Januari 1499, waliomba machungwa. Yaliletwa, lakini wengi walikuwa wamezidiwa, wakafia hapo hapo.

Mwaka 1747 daktari Mskoti, James Lind, aliwajaribu mabaharia 12 kwa tiba sita tofauti. Wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Hata hivyo, jeshi la majini la Uingereza halikuagiza mabaharia wote wapewe maji ya malimau hadi mwaka 1795.

Sisi hatuko baharini. Mapera, machungwa na sukuma wiki huuzwa kando ya barabara. Osha sukuma kabla ya kuikata, wala usiichemshe mpaka ibadilike rangi, kwani vitamini C hupotelea majini na huharibiwa na moto.

Msomaji, si kila damu ya ufizi ni kiseyeye. Mara nyingi chanzo ni uchafu wa meno, na mama wajawazito pia hupatwa na hali hiyo. Piga mswaki, na damu isipokoma, muone daktari.

Yule kijana alirudi baada ya wiki mbili. Damu ilikuwa imekoma, na mfukoni alikuwa na chungwa.