Chagall: Fundi Aliyeichonga Nuru

Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba, 1961, ndege iliyomchukua Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka msituni karibu na mji wa Ndola, katika nchi iitwayo leo Zambia. Alikuwa njiani kwenda kuonana na Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo la Katanga lililokuwa limejitenga na Kongo, ili damu iliyokuwa ikimwagika huko ikome. Yeye na wenzake 15 walipoteza maisha. Miaka mitatu baadaye, Septemba 1964, dirisha kubwa la kioo cha rangi ya buluu lilizinduliwa kwa ukumbusho wao katika makao makuu ya Umoja huo mjini New York. Lilikuwa zawadi ya wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa pamoja na msanii mwenyewe aliyelibuni.

Msanii huyo ni hayati Marc Chagall. Msiba ule ulitokea katika ardhi ya Afrika, tena kwa sababu ya ugomvi wa jimbo ambalo Kiswahili husemwa nyumbani na sokoni. Kwa hiyo twaona ni haki msomaji wetu amjue mtu aliyepewa kazi ya kuwaombolezea marehemu wale kwa kioo. Wengi humtaja kuwa mchoraji wa rangi za mafuta. Sisi leo twataka kumzungumzia katika ufundi wake wa namna mbili usiosifiwa vya kutosha: uchapaji wa picha kwa sahani za shaba, na madirisha ya vioo vya rangi.

Chagall alizaliwa mwaka 1887 huko Vitebsk, katika Dola ya Urusi ya wakati ule. Leo mji huo umo Belarus. Alikuwa kifungua mimba katika nyumba ya Kiyahudi yenye watoto tisa. Baba yake alibeba mapipa katika ghala la mfanyabiashara wa samaki wa chumvi, na mama yake aliendesha duka dogo la vyakula. Katika dola ile Myahudi hakuwa na ruhusa ya kuishi popote apendapo. Kijana alipokwenda St. Petersburg kujifunza uchoraji ilimlazimu awe na kibali, na alipokosa kibali alionja jela. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza alikwisha fika Paris. Mwaka 1914 alirudi kwao kutembea tu, vita vikamfungia mlango. Akamwoa Bella Rosenfeld mwaka 1915, na baada ya Mapinduzi akakabidhiwa usimamizi wa sanaa huko Vitebsk na kuanzisha chuo. Haukupita muda akahitilafiana na walimu wenzake, akaondoka. Mwaka 1922 aliiacha Urusi, wala macho yake hayakuuona tena mji wa Vitebsk.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Chagall hakurudi kwao kwa miguu, lakini kwa mkono alirudi kila siku. Vibanda vya mbao, ng'ombe na mbuzi, mpiga fidla juu ya paa, maharusi wanaoelea angani: hivyo vyote ni Vitebsk, na vilimfuata katika kila nchi aliyohamia.

Alipofika Berlin alikuwa na umri wa miaka 35 na jina lake limekwisha julikana. Hata hivyo alikubali kuwa mwanafunzi tena, akafundishwa uchapaji na Hermann Struck. Ufundi huo si wa haraka. Sahani ya shaba hupakwa nta nyembamba. Msanii huchora kwa sindano, akiikwaruza nta hata shaba ionekane. Kisha sahani hutiwa katika tindikali, nayo tindikali hula pale tu palipokwaruzwa. Nta ikiondolewa, wino hupakwa na kufutwa, ukabaki ndani ya mifereji. Karatasi iliyoloweshwa hulazwa juu, vyote vikapitishwa katika mtambo wenye mgandamizo mkubwa. Picha hutokea imepinduka, kulia kukawa kushoto. Kosa lililokwisha liwa na tindikali halifutiki kwa urahisi. Ndiyo sababu kazi hii humfunza mtu subira na kumwondolea majivuno.

Aliporudi Paris mwaka 1923, mchapishaji Ambroise Vollard alimpa kazi tatu kubwa: riwaya ya Gogol iitwayo Roho Zilizokufa, hekaya za La Fontaine, na Biblia. Kwa ajili ya hiyo ya tatu Chagall alisafiri mwaka 1931 hadi Palestina, akaione nchi yenyewe. Vollard alipofariki katika ajali ya gari mwaka 1939, sahani 66 za Biblia zilikuwa zimekamilika. Nyingine 39 zilibaki zikingoja, na hazikumalizika ila mwaka 1956, zikachapishwa na Tériade.

Katika miaka hiyo ya kungoja ndipo balaa lilipoingia. Mwaka 1937 Wanazi waliziondoa picha zake katika majumba ya makumbusho ya Ujerumani, na baadhi yake wakazitundika Munich katika maonyesho ya kuwadhihaki wasanii wa kisasa. Mwaka 1941 alikamatwa Marseille, akaachiliwa kwa juhudi za Mmarekani Varian Fry, akakimbilia New York. Mwaka huo huo Wayahudi wa Vitebsk waliuawa kwa maelfu. Mwaka 1944 Bella akafariki ugenini. Alirudi kuishi Ufaransa mwaka 1948, akiwa mtu ambaye mji wake umeteketea na mkewe amezikwa mbali.

Hapa ndipo, kwa maoni yetu, maisha ya mzee huyu yanapoanza kutufundisha. Alikuwa akikaribia umri wa miaka 70, umri ambao wengi wetu huomba kiti barazani, alipoanza kazi ya vioo. Alianza na kanisa la Assy katika milima ya Alpi. Mwaka 1958 akaitwa kutengeneza madirisha ya kanisa kuu la Metz, na huko akakutana na Charles Marq, fundi wa vioo kutoka Reims, aliyefanya kazi pamoja na mkewe Brigitte Simon. Mkono mmoja haulei mwana, na madirisha haya hayakuwa ya mkono mmoja.

Desturi ya zamani ilikuwa kukata vipande vya vioo, kila kimoja na rangi yake, na kuviunga kwa risasi. Marq alitengeneza kioo kilichofunikwa utando mwembamba wa rangi. Tindikali ilipoula utando huo, kidogo mahali hapa na zaidi mahali pale, rangi ilififia hatua kwa hatua mpaka weupe. Hivyo kipande kimoja kiliweza kuwa na buluu ya bahari kuu na ya alfajiri, bila mstari wa risasi katikati. Halafu Chagall mwenyewe alipaka rangi nyeusi, akaikwaruza ili nuru ipite, kabla kioo hakijaingia tanuri. Tindikali ya kioo si ile ya shaba, lakini msomaji ataona kuwa mwanafunzi wa Berlin hakuwa amebadili kazi. Alikuwa akikwaruza giza vile vile. Tofauti ni kwamba sasa wino wake ulikuwa jua.

Kazi zikafuatana. Mwaka 1962 madirisha 12 ya makabila ya Israeli yaliwekwa katika sinagogi la hospitali ya Hadassah, Yerusalemu. Vita vya mwaka 1967 viliyaharibu manne, nayo yakatengenezwa upya. Huko Tudeley, kijiji cha Kent, Uingereza, wazazi waliompoteza binti yao wa miaka 21, aliyezama baharini mwaka 1963, walimwomba dirisha moja la kumkumbuka. Lilipowekwa mwaka 1967 Chagall alifika, akalipenda kanisa lile dogo, akaazimia kuyatengeneza madirisha yake yote. Yakawa 12, na ya mwisho yakawekwa mwaka 1985.

La kustaajabisha zaidi ni Mainz. Kanisa la Mtakatifu Stefano katika mji huo wa Ujerumani lilikuwa limebomolewa na mabomu ya vita. Padri wake alimwandikia Chagall kumwomba madirisha. Fikiri, msomaji: Myahudi ambaye picha zake zilidhihakiwa na ambaye watu wa mji wake waliuawa na majeshi ya Ujerumani, anaombwa alipambe kanisa la Wajerumani! Dirisha la kwanza liliwekwa mwaka 1978, naye ana umri wa miaka 91. Kwa jumla alibuni madirisha tisa ya kanisa hilo, akiifanya kazi hiyo karibu hadi alipofariki tarehe 28 Machi, 1985.

Hatusemi kuwa alikuwa malaika. Wahakiki wamelalamika kuwa katika uzee wake alijirudia mno, na kwamba chapa zilizotoka kwa jina lake zilikuwa nyingi kupita kiasi. Wapo pia Wayahudi walioona vibaya yeye kufanya kazi makanisani. Lawama hizo zina uzito wake. Lakini hatuwezi kukubali kwamba Mainz palikuwa mahali pa kusahau. Mtu aliyesahau hana haja ya kumchora Ibrahimu na Musa mbele ya macho ya waliotaka kuwafuta wana wao duniani.

Turudi Ndola. Tangu mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulimkabidhi Jaji Mohamed Chande Othman wa Tanzania kazi ya kuipitia upya ajali ile, na mwaka 2017 alieleza kuwa yamkini shambulio au tishio kutoka nje lilichangia. Kazi hiyo ya kutafuta haki ni ya lazima, wala kioo hakiwezi kuchukua nafasi yake. Hata hivyo wafiwa huhitaji mambo mawili: kuambiwa ukweli, na kupewa mahali pa kusimama na kukumbuka. La kwanza ni la majaji. La pili ni la mafundi.

Tindikali ikimwagwa ovyo huharibu uso wa mtu. Mkononi mwa fundi mwenye subira, hiyo hiyo hufungua njia ya nuru. Uchungu wa dunia hii haupungui, na vijana wetu wenye vipaji wamo vichochoroni wakichonga na kuchora bila walimu wala vifaa. Tuwape sahani, tuwape sindano, na tusiwaharakishe.