Lenzi ya Siku Tatu, Deni la Miaka Mitatu

Mpiga picha anayetaka kuongeza lenzi huanza kwa kuuliza bei, kisha huangalia kama ataimudu kwa akiba yake au kwa mkopo wa SACCOS. Mpangilio huo wa maswali umewaingiza wengi kwenye madeni yanayodumu kuliko kazi zenyewe. Bei huonyesha pesa itakayotoka mfukoni. Haionyeshi kama kifaa kitafanya kazi ya kutosha kuirudisha. Swali linalopaswa kutangulia ni siku ngapi kwa mwaka lenzi hiyo itakuwa kwenye kamera. Hoja yangu ni kwamba lenzi ya kazi ya kila wiki inunuliwe, na ya kazi ya msimu ikodiwe, hata pale ambapo pesa ya kuinunua ipo. Mpaka baina ya hizo mbili hauhitaji kukisiwa, kwa kuwa unapatikana kwa hesabu ya kalamu na karatasi.

Kwanza tuelewe kwa nini lenzi fulani ni ghali kupita kiasi. Namba ya f hupatikana kwa kugawa urefu wa fokasi kwa kipenyo cha tundu linalopitisha mwanga. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 inahitaji tundu lisilofika sentimita 3. Lenzi ya milimita 600 yenye f/4 inahitaji sentimita 15, yaani upana wa sahani ndogo, na vioo vya ukubwa huo, vingine vikiwa vya floraiti, vinasuguliwa kwa usahihi usiovumilia kosa. Ndiyo maana Canon ilitoa lenzi yake ya milimita 50 mwaka 2015 kwa dola 125 za Marekani, ikiwa na uzito wa gramu 160 hivi, lakini ile ya milimita 600 iliyotoka mwaka 2018 iliuzwa dola 12,999 na ina uzito wa kilo 3. Bei hiyo iliyozidi mara 100 imetokana na maumbile ya mwanga na kioo, kwa hiyo mnunuzi asitegemee kwamba akisubiri kidogo itashuka.

Lenzi ghali kiasi hicho mara nyingi ndiyo yenye kazi chache. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti magari hayaruhusiwi kuacha barabara, kwa hiyo simba akilala mbali na njia, picha yake inategemea lenzi ndefu. Nyumbu huvuka Mto Mara kati ya Julai na Oktoba. Januari hadi Machi huzaa kwenye nyanda za Ndutu. Mpiga picha wa Arusha anayeishi kwa harusi na mahafali akipata mteja mmoja wa safari, atahitaji milimita 600 kwa siku tatu au nne, kisha atarudi ukumbini, ambako lenzi hiyo haina pa kusimama. Kwenye harusi hiyohiyo anayoipiga, turubai na viti mia tatu vimekodiwa, na hakuna anayemwona mwenye shughuli kuwa maskini kwa sababu hakuvinunua. Lenzi ya msimu inastahili kupimwa kwa kipimo hicho.

Wenye pesa nyingi kuliko wote katika fani hii walishaamua zamani. Panavision, kampuni ya Marekani iliyoanza miaka ya 1950, ilijenga jina lake kwa kukodisha kamera na lenzi za sinema badala ya kuziuza, na studio kubwa za Hollywood zimekodi kwake kwa miongo mingi. Mpiga picha wa sinema Freddie Young alipopiga filamu ya Lawrence of Arabia, iliyotoka mwaka 1962, alitumia lenzi ya Panavision ya milimita 482 kwa tukio la mwigizaji Omar Sharif kutokea jangwani: mwanzo ni doa jeusi linalotetemeka kwenye mazigazi, kisha ngamia, kisha mtu. Studio iliyomudu kuhamishia kazi kwenye jangwa la Jordan haikuhitaji kumiliki kioo cha tukio moja. Hata kwenye Olimpiki, Canon na Nikon huweka madawati ya kuwaazima wapiga picha wa habari lenzi ndefu, kwa kuwa mashirika ya habari nayo hayaoni sababu ya kujaza stoo vifaa vya wiki mbili.

Sasa tuje kwenye hesabu, na hapa wanaotetea kukodi nao hukosea. Wao hugawa bei ya lenzi kwa ada ya siku moja. Kama lenzi ya milimita 70-200 yenye f/2.8 inauzwa shilingi milioni 6 za Tanzania na hukodiwa kwa 60,000 kwa siku, watasema usinunue mpaka uwe na kazi za siku 100. Hesabu hiyo inamwonea mnunuzi, kwa kuwa lenzi nzuri huuzika tena. Akiitumia miaka mitatu na kuiuza kwa milioni 3.6, alichopoteza ni milioni 2.4, ongeza laki tatu za matengenezo na utunzaji, inakuwa milioni 2.7. Ukigawa kwa 60,000, unapata siku 45 kwa miaka mitatu, au 15 kwa mwaka. Mwenye harusi mbili kila mwezi anafikisha siku 24, basi anunue bila wasiwasi. Namba hizi ni za mfano, na kila mtu aweke za mji wake, lakini njia haibadiliki: gawa hasara halisi, usigawe bei. Anayenunua kwa mkopo ajumlishe riba kwenye hasara hiyo, na ataona siku zinazohitajika zikipanda haraka. Lenzi ya safari inayotumika siku tatu kwa mwaka haikaribii mpaka huo hata ada yake ikiwa mara tano au sita ya hii, kwa kuwa bei na hasara yake nazo ni kubwa zaidi.

Kwa watu wa pwani kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye risiti. Hewa ya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja ina unyevu mwingi, na lenzi iliyofungiwa gizani ndani ya mkoba hupata fangasi. Huanza kama nyuzi nyembamba za utando kwenye ukingo wa kioo cha ndani, ambazo huzioni mpaka umulike tochi kutokea nyuma. Zikiachwa hutoa asidi inayokula tabaka lililopakwa juu ya kioo, na alama zake hazifutiki hata fundi akisafisha. Lenzi inayotumika mara kwa mara, ikapata mwanga na hewa, hudhurika kidogo. Inayolala miezi minane ndiyo inayooza. Kwa hiyo kifaa cha msimu huliwa thamani yake katika siku zilezile ambazo hakiingizi hata senti.

Zipo hoja za upande wa pili, na nzito zaidi ni ya wahenga kwamba nguo ya kuazima haisitiri. Lenzi ya kukodi inaweza kuwa na kasoro, au ikakosekana siku inapohitajika. Kasoro ina dawa. Chukua lenzi siku moja kabla, bandika ukurasa wa gazeti ukutani, weka kamera kwenye tripodi, piga kwa f ndogo kuliko zote, yaani tundu likiwa wazi kabisa, kisha kuza picha usome herufi za pembe zote nne. Pembe moja ikiwa kali na nyingine imefifia, huenda kuna kioo kilichokaa upande, irudishe. Hata lenzi mpya za aina moja hazilingani kabisa, jambo ambalo Roger Cicala, mwanzilishi wa kampuni ya kukodisha ya Lensrentals ya Marekani, ameeleza kwa vipimo kwa miaka mingi. Mnunuzi naye, basi, anapaswa kupima. Mikwaruzo ipigwe picha mbele ya mwenye mali kabla ya kutoka dukani, na mkataba useme nani atalipa nini lenzi ikianguka au ikiibwa. Kuhusu kukosekana, hoja ni ya kweli: Desemba na miezi ya harusi kila mtu anatafuta lenzi ileile. Lakini lenzi inayogombewa hivyo ni ya kazi za kila wiki, ambayo hesabu yetu imeshasema inunuliwe.

Wengine husema lenzi ni mali ya kurithisha. Ni kweli kwamba hudumu kuliko kamera, ila nayo ina ukomo wake. Canon iliacha mfumo wake wa kufungia lenzi wa FD mwaka 1987 ikaanza EF, na mwaka 2018 ikaleta RF. Mwaka huohuo Nikon ilileta Z baada ya kutumia F tangu 1959. Lenzi za EF bado hufanya kazi kwa adapta, lakini anayezinunua leo ajue soko linaelekea wapi. Hoja ya mwisho, kwamba Kigoma au Lindi huenda hakuna duka la kukodisha, inajibiwa na utaratibu ambao watu wetu wanaujua vizuri: wapiga picha watano wachange, wanunue lenzi moja, waandike masharti, na kila anayeitumia alipe ada kwenye mfuko wa matengenezo. Siku tatu za kila mmoja zitaifikisha lenzi hiyo kwenye siku 15.

Ushahidi wa kuamulia tayari umo kwenye kompyuta ya kila mpiga picha. Kwa kawaida faili la picha huhifadhi urefu wa fokasi na namba ya f iliyotumika. Pitia kazi za mwaka mzima, hesabu ni siku ngapi kila lenzi ilileta picha ulizomkabidhi mteja, kisha zilinganishe na siku za hesabu yako. Inayovuka mpaka inunuliwe hata kama haina fahari. Isiyovuka ikodiwe hata kama moyo unaitaka, na pesa iliyobaki ilipe taa, bima na mafunzo, vitu vinavyokwenda nawe kwenye kila kazi.