Shamba la Nyegina na Mwenye Shamba Aliye Ughaibuni

Habari za ardhi kuingia kwenye mfumo wa kidijitali zikitufikia huku ughaibuni, watu wa Musoma huulizana: nitaliona lini shamba la mzee kwenye simu? Tuanzie nyuma kidogo.

Mfumo wa ILMIS, yaani mfumo wa kidijitali wa kumbukumbu za ardhi, uliojaribiwa kwanza Dar es Salaam, ulilenga kero za mjini: majalada kupotea, kiwanja kimoja kuwa na hati mbili. Lakini ardhi ya kijiji kama Nyegina, huko Musoma, husimamiwa na halmashauri ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na cheti chake ni hati ya hakimiliki ya kimila. Huko mashamba mengi hayakuwa hata na jalada la kupotea. Operesheni Vijiji ya 1974 iliwahamisha watu wakaacha mahame, wengine baadaye wakarudi. Mpaka ukabaki kwenye minyaa, kwenye jabali na kwenye kumbukumbu za wazee.

Namna ya kuuandika mpaka wa aina hiyo ilijaribiwa Iringa Vijijini, katika vijiji kama Ilalasimba, kwa mradi wa MAST ulioanza 2014 kwa ufadhili wa USAID. Vijana wa kijiji walifundishwa kutumia simu. Mwenye shamba anazunguka mpaka wake, majirani wakishuhudia, kijana anachukua alama za eneo, jina na picha. Ramani hubandikwa, mwenye pingamizi alitoe, ndipo hati ichapwe. Simu hutunza tu kile walichokubaliana waliokuwepo.

Sasa sisi tusiokuwepo. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ambacho wengi wetu hatujawahi kukisikia, kinaruhusu ardhi ya kimila ihesabiwe imetelekezwa ikiwa haijatumika kwa miaka 5 au zaidi, au ikiwa mwenyewe ameondoka nchini bila kuweka msimamizi wala kuiarifu halmashauri ya kijiji. Haitwaliwi kimyakimya, ilani hutolewa kwanza. Ila ilani hiyo hubandikwa kijijini, siyo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Na hela ya palizi unayomtumia binamu kila msimu haihesabiki kuwa taarifa kwa halmashauri.

Kinachotakiwa ni barua kwa mtendaji wa kijiji: shamba liko wapi, limepakana na nani, nani analisimamia. Binamu aipeleke kwa mkono na abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, kabla vijana wa simu hawajafika mpakani.