Jicho Kwanza, Msumeno Baadaye

Nani kati yetu hajapata kusimama kando ya njia ya reli akingojea treni ipite? Mtoto husikia mlio wa mbali, huacha mchezo wake, hukimbia kutazama. Katika nchi ya Marekani wako watu wazima, wenye kazi zao na jamaa zao, ambao hawakuyaacha kamwe mazoea hayo ya utoto. Kiisha kuitazama injini, hurudi nyumbani wakaiunda upya juu ya meza, ndogo kadiri ya kulala juu ya kiganja. Leo twataka kueleza ufundi huo, hasa ile sehemu yake iliyo ngumu: kukata vipande vya mifano miwili au mitatu iliyonunuliwa na kuviunganisha, ili kupata injini isiyopatikana dukani.

Kipimo

Kipimo kinachopendwa kuliko vingine huitwa HO. Maana yake, kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko kitu cha kweli. Reli za kweli za Marekani zimeachana milimita 1435. Katika HO zimeachana milimita 16 na nusu. Injini ya dizeli iitwayo F7, ambayo urefu wake ni mita 15 na nusu hivi, katika kipimo hicho hupata sentimita 18 tu. Basi fundi akikosea milimita 1 kwa msumeno wake, ni kama amekosea karibu sentimita 9 katika injini ya kweli. Dirisha lililopotoka sentimita 9, hata mpita njia ataliona.

Labda mtauliza: kwa nini ajisumbue kukata? Sababu ni hii. Kalibu ya kumiminia plastiki ni ya gharama kubwa, kwa hiyo kiwanda huunda injini zile zilizoenea, kisha huzipaka rangi za mashirika mbalimbali. Lakini kila shirika la reli lina karakana yake, na mafundi wa karakana hubadili: huziba dirisha hapa, huongeza taa pale, huhamisha honi. Hivyo anayetaka injini ile ile aliyoiona kwa macho yake hana budi kushika msumeno.

Injini iliyokatwa na wenyewe

Na tuchukue mfano mmoja. Injini za F7 ziliundwa na General Motors tangu mwaka 1949 hata mwaka 1953. Zilikuwa na pua ya mviringo, na bodi iliyofunikwa pande zote kama nyumba. Zilipendeza kutazama, lakini dereva aliyetaka kuona nyuma alipata taabu, na kazi ya kupanga mabehewa katika stesheni ndogo haikuwa rahisi. Shirika la Santa Fe lilikuwa nazo nyingi, nazo zilikuwa zimezeeka. Badala ya kuzitupa zote, mwaka 1970 karakana ya shirika hilo katika mji wa Cleburne, jimbo la Texas, ilianza kuzivua bodi na kuziunda upya. Kazi hiyo iliendelea hata mwaka 1978, zikapatikana injini 233 za namna mpya, zikaitwa CF7.

Haikuwa kazi ya kubadili nguo tu. Katika F7, kuta za pembeni, pamoja na mihimili iliyofichwa ndani yake, ndizo zilizosaidia kubeba uzito. Kuta zikiondolewa, injini yaweza kupinda katikati. Kwa hiyo mafundi walilazimika kuweka fremu mpya yenye nguvu, kisha wakajenga juu yake boneti nyembamba, yenye njia ya kupitia watu kila upande. Katika zile za kwanza, paa la mviringo la chumba cha dereva lilibaki kama lilivyokuwa katika F7. Hivyo ukiitazama CF7 ya namna hiyo wamtambua mzazi wake, kama tumtambuavyo mtoto kwa paji la uso wa baba yake. Zile za mwisho zilipewa paa lenye pembe.

Basi fundi wa mezani hurudia kazi ile ile ya watu wa Cleburne. Paa hulikata katika mfano wa F7. Boneti huipata katika mfano wa injini nyingine. Ubavu wa fremu huuchonga katika bapa la plastiki.

Namba moja, mwaka mmoja

Hapa ndipo wengi hupotea. Mwenye haraka hushika msumeno kabla ya kujiuliza: naunda injini ipi? Injini hizo 233 hazikufanana zote. Tena namba zake zilihesabiwa kwa kurudi nyuma: ya kwanza ilipewa 2649, ya mwisho 2417. Asiyejua hudhani kwamba namba ndogo ndiyo ya zamani, akaiwekea 2417 paa la mviringo, akakosea. Na rangi pia zina tarehe yake. Mwaka 1972 Santa Fe ilibadili namna ya kupanga buluu na manjano yake. Mpango huo mpya hauwezi kuonekana katika injini ya mwaka 1971.

Kwa sababu hiyo fundi mwenye busara huchagua namba moja na mwaka mmoja. Hutafuta picha za upande wa kulia na za upande wa kushoto, maana upande mmoja hauwezi kuushuhudia wa pili. Ndipo hupima, huandika, hupima tena.

Kazi yenyewe

Katika kukata, msumeno hupita nje kidogo ya mstari, na tupa humaliza kilichobaki. Plastiki iliyozidi yapunguzika, iliyopungua hairudi. Gundi yake huyeyusha kidogo kingo mbili zikawa kitu kimoja. Basi lazima kungoja hata zikauke kabisa. Nyufa huzibwa, hupigwa msasa, halafu hupakwa rangi ya kijivu peke yake. Rangi hiyo haina huruma: kila kovu lililofichwa hulifichua. Vyuma vya kushikilia hufanywa kwa waya mwembamba wa shaba. Mwisho, mota sharti ienee ndani ya boneti. Katika mifano mingine ya zamani boneti ilifanywa pana kuliko haki, kwa sababu mota haikuenea. Anayetaka ukweli hukata boneti hiyo kwa urefu, huipunguza, na kutafuta mota iliyo nyembamba zaidi.

Lakini jaribu kubwa huja kazi ikiisha. Injini imepakwa rangi, namba imebandikwa, jamaa wameisifu. Kisha fundi apata picha nyingine, aona kwamba paa si lenyewe. Njia ni tatu: abadili namba, akate upya, ama anyamaze. Ya tatu ndiyo nyepesi, kwa kuwa katika wageni mia pengine hata mmoja hatajua. Hata hivyo yeye mwenyewe anajua, na kila mara injini ipitapo mezani jicho lake litakwenda pale pale.

Twaweza kucheka: kwani ni mchezo tu! Lakini tukumbuke yaliyozipata injini zenyewe. Mwaka 1984 Santa Fe ilizibadilisha 25 na shirika la Amtrak. Nyingine nyingi ziliuzwa kwa mashirika madogo, na baadaye nyingi zilivunjwa zikawa vyuma chakavu. Mtoto aliyezaliwa baadaye, kabla hajapata kuona ya kweli, ataijua kwa ule mfano wa mezani. Akiuliza, «Ndivyo ilivyokuwa?», heri fundi awezaye kujibu bila kuinamisha macho. Mtaka cha mvunguni sharti ainame; naye mtaka kuunda kilicho sawa na cha kweli, sharti kwanza atazame.