Je, Wajua? Mjukuu wa Kamaru na mvumo wa stima

Je, wajua kwamba KMRU, msanii wa muziki wa kielektroniki aliyezaliwa Nairobi, anaitwa Joseph Kamaru, sawa na babu yake, yule nguli wa nyimbo za Kikuyu aliyefariki 2018? Ila mjukuu ameshika njia yake. Hutembea na kinasa sauti, akanasa sauti za ndege, za mvua na kelele za mtaa, kisha akazivuta na kuzikunja kwenye kompyuta hadi ziwe muziki usio na ngoma wala mwimbaji. Albamu yake Peel ilitolewa 2020 na lebo ya Editions Mego ya Vienna.

Kwa Natur (2024) alitumia pia maikrofoni za sumakuumeme, ambazo koili zake hunasa mawimbi ya sumakuumeme yasiyosikika ili yageuzwe kuwa sauti. Kisogeze chombo hicho karibu na transfoma pale Naivasha Road, Riruta, Nairobi, usikie stima ikivuma kwa sauti nzito, maana umeme wa Kenya hupiga mizunguko 50 kwa sekunde. Simu yako nayo hutatarika inapotafuta mtandao. Hata hivyo, nyimbo za babu hakuzitupa: amezitoa upya kwenye intaneti.