Baiskeli Ipyana: Tambarare ilivyotokea, na miezi ya kuiogopa

Ukitoka Mbeya mjini kwenda Kyela, barabara inashuka kutoka mita kama 1,700 hadi karibu 500 juu ya usawa wa bahari. Ukifika Ipyana, milima imebaki nyuma. Huku unakanyaga pedali bila kuhema.

Kwa nini ni tambarare?
Ni kazi ya mito. Kiwira, Mbaka na Lufilyo inateremka kutoka Rungwe na udongo, na kwa miaka mingi imeumwaga kando ya Ziwa Nyasa. Ndiyo maana kuna majaruba ya mpunga, migomba, na kakao kivulini.

Upite wapi?
Kama hutaki kubanwa na malori na bodaboda, achana na lami. Fuata njia za mashambani, zile ambazo wakulima wanapitisha magunia kwenye keria.

Uende lini?
Juni hadi Oktoba, njia zikiwa kavu. Anza alfajiri, maana jua la Kyela halina utani.

Usiende lini?
Machi hadi Mei. Mito ileile iliyotengeneza tambarare hufurika, njia zinageuka tope na maji yanaficha mashimo. Usikatize maji ambayo huoni chini yake, hata kama jana ulipita hapohapo.

Muulize mwenyeji kwanza. Anza na "Mugonile", salamu ya Kinyakyusa. Akishakuelekeza, mwambie "Ndaga fijo", yaani asante sana.